Je, Wajua? Baiskeli za Wawili

Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache za taifa nchini Kenya ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli kando ya pundamilia na twiga. Kwa mke na mume wanaotoka wikendi tu, baiskeli ya mlimani yenye shokomzoba za mbele pekee yatosha kabisa. Za nyuma huongeza uzito, bei na safari za kwa fundi.

Ila msinunue saizi moja! Kila mmoja aitanue miguu juu ya baiskeli yake, nyayo zote chini: bomba la juu la fremu lisimguse. Hata upepo hutofautiana. Aliye mwepesi ajaze kidogo kuliko mwenzake, la sivyo tairi zitamrusharusha kwenye kokoto.