FEDHA ZA UMMA HAZISHIKWI KWA MKONO MMOJA

Mara nyingi watu huuliza: "Kodi yetu imekwenda wapi, na mbona zahanati yetu haina dawa?" Wengi humlaumu Gavana peke yake. Yafaa basi tueleze jinsi vyombo vya utawala wa Kenya vilivyogawiwa kazi, ili kila msomaji ajue swali lake alipeleke mlango gani.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, kuna Serikali ya Taifa na serikali za kaunti 47, na zahanati ni kazi ya kaunti. Kaunti zote kwa jumla lazima zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Kanuni ya kugawanya fungu hilo baina ya kaunti huamuliwa na Seneti, baada ya kupata shauri la Tume ya Ugavi wa Mapato.

Fedha zikifika, Gavana hana ruhusa ya kuzitumia apendavyo. Kwanza, Bunge la Kaunti lazima liyakubali makadirio ya matumizi. Pili, Mdhibiti wa Bajeti lazima atoe idhini kabla fedha hazijatolewa katika mfuko wa kaunti. Tatu, mwaka wa fedha ukiisha tarehe 30 Juni, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita ya kutoa taarifa yake, na wabunge wana miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua.

Mpango huu una taabu yake. Mwaka 2020 maseneta walibishana miezi kadhaa juu ya kanuni ya mgawo, na kaunti zikangojea fedha mpaka walipopatana mwezi wa Septemba. Lakini mkono mmoja ungalipewa mfuko wote, nani angaliweza kuudai hesabu?

Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Basi, mkutano wa bajeti ukiitishwa, nenda ukaulize kama dawa zimo katika makadirio. Ikiwa hazimo, mwulize mwakilishi wa wadi yako. Ikiwa zimo na hazikununuliwa, Gavana ndiye wa kujibu. Mali bila daftari huisha bila habari.