Si mafuta yote ni adui wa mwili

Nyanya anapowaita wajukuu kwa majina yasiyo yao, wengi husema ni uzee tu. Huenda ikawa ni maradhi ya kusahau, na hayo mara nyingi hayana tiba. Ndiyo maana, msomaji, inakupasa uchunguze sufuria yako mapema.

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya uzani wa ubongo, ukiondoa maji, ni mafuta? Hayo ndiyo hujenga kuta za seli na kufunika neva ili habari zipite upesi. Aina moja, omega-3, mwili hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Sharti uipate katika chakula.

Mnamo 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 92,383 kwa miaka 28. Waliokula zaidi ya gramu 7 za mafuta ya zeituni kwa siku, yaani nusu kijiko kikubwa hivi, hatari yao ya kufa kwa maradhi hayo ilikuwa chini kwa asilimia 28 kuliko ya wasioyatumia. Huo si uthibitisho kamili, lakini ni dokezo zito.

Bei ya zeituni isikutishe. Omena wana omega-3, nayo mafuta ya avokado na njugu karanga yanakaribiana na ya zeituni. Punguza mafuta magumu ya kukaangia. Hata hivyo usizidishe, kwani hata mafuta mazuri hunenepesha.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.