Sura ya 4: Sukari Katika Ukoo

Mkulima wa viazi wa Timboroa, kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, akiambiwa hospitalini Eldoret kwamba ana kisukari, huwaza watoto wake: je, nao watakipata?

Inategemea ni kisukari gani. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini. Jeni huchangia, lakini pacha mmoja anaweza kuugua na mwenzake wa kufanana naye asiugue kamwe. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, hufuata ukoo kwa nguvu zaidi. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuipata maishani hukadiriwa kuwa asilimia 40 hivi. Wakiwa nayo wote wawili, hukaribia asilimia 70.

Hata hivyo, hakuna jeni moja inayoleta aina hiyo. Tofauti ndogondogo za jeni, mamia kwa mamia, kila moja huongeza hatari kidogo. Kwa miaka mingi zilitafutwa hasa katika damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2019 una uzito kwetu: ulihusisha Waafrika 5,231 wa Nigeria, Ghana na Kenya, na Wakenya waliandikishwa papa hapa Eldoret. Watafiti kina Adebowale Adeyemo na Charles Rotimi walithibitisha jeni ya TCF7L2, iliyojulikana tangu 2006, kisha wakagundua mchango wa nyingine, ZRANB3, kupitia tofauti inayopatikana kwa Waafrika. Jeni hiyo ilipozimwa katika samaki wa maabara, seli za beta zilipungua.

Lakini ukoo haurithishani damu tu. Hurithishana pia chai ya sukari nyingi, sahani iliyojaa wanga, na siku hizi kazi za kukaa kutwa. Hapo ndipo penye nafasi ya kujiokoa. Mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu waliokaribia kuugua, wakilenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari kwa asilimia 58. Hata waliobeba TCF7L2 ya hatari walinufaika.

Basi waulize wazee. Nani alikuwa na sukari? Nani alikatwa mguu kwa kidonda kisichopona? Mama gani alipandwa na sukari akiwa mjamzito? Ukipata jibu, nenda ukapimwe asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikirudiwa na kuthibitishwa, ni kisukari. Usingoje kiu kali wala kukojoa mara kwa mara: aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila dalili, huku ikiharibu macho, figo na mishipa.