Ustadi Unaotakiwa Kusini

Mikoa ya Lindi na Mtwara imejaaliwa mali ambayo mikoa mingi ingeitamani: korosho na ufuta barani, samaki baharini, bandari ya asili yenye kina kirefu, na gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Walakini, miaka nenda miaka rudi, vijana wake hupanda mabasi kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki kwa kutembeza bidhaa barabarani, ilhali fundi wa kutengeneza mtambo ulioharibika Mtwara aghalabu huagizwa kutoka Dar es Salaam hiyo hiyo, akalipiwa nauli, malazi na posho. Watu hawa wawili kupishana njiani, mmoja akiukimbia ukosefu wa kazi na mwingine akiifuata kazi pale pale alipotoka mwenziwe, ni dalili ya kutosha kwamba taabu ya Kusini si uhaba wa kazi peke yake, bali pia ni kutojulikana kwa tafsili ustadi ambao waajiri wanauhitaji.

Wala si insafu kuwatupia lawama wenyeji, kwa kuwa hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, msafiri alivuka kwa kivuko, na masika yakishika sawasawa njia ya kwenda Lindi ilikuwa haipitiki. Fauka ya hayo, Kusini ilikwisha kuonja mipango mikubwa iliyobuniwa mbali, ambayo walioibuni walihesabu ekari na mashine kabla ya kuwahesabu watu watakaoziendesha. Mpango wa karanga, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 huko Kongwa na kuendelezwa Urambo na Nachingwea, ulikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta yalinunuliwa katika mabaki ya vita, madereva wakafundishwa kwa pupa, na muda si muda sehemu kubwa ya mashine zile ikalala karakana kwa kukosa vipuri na mafundi. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa minajili ya karanga zile, ilifunguliwa mwaka 1954 karanga zenyewe zikiwa hazipo, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Zama zetu zilileta tumaini jingine. Tangu mwaka 2010, gesi nyingi ilipogunduliwa katika bahari ya kina kirefu, viwanja vya Mtwara na Lindi vilipanda bei, nyumba za wageni zikajengwa kila mtaa, na kila mzazi aliyekuwa na kijana alimsikia mtu akimwambia ampeleke akasomee gesi. Hapana shaka kulikuwa na juhudi za kweli: chuo cha Mtwara cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa msaada wa shirika la kujitolea la VSO na fedha za kampuni ya gesi ya BG, kiliwafundisha vijana uchomeleaji, umeme, ufundi bomba na mapishi, pamoja na Kiingereza cha kazini, ili wapate vyeti vinavyotambuliwa hata nje ya nchi. Lakini bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, ambalo habari zake zilizusha machafuko Mtwara mwaka 2013, lilipokamilika mwaka 2015, ilidhihirika kwamba mtambo wa kusafishia gesi kama ule wa Madimba, Mtwara, ukisha kujengwa, huendeshwa na watu wachache mno. Na kile kiwanda kikubwa cha kuigeuza gesi kuwa kimiminika, kilichotazamiwa kujengwa Likong'o, Lindi, kimekaa katika majadiliano zaidi ya mwongo mzima. Kijana aliyefundishwa kwa ajili ya kazi ambayo haijafika hubaki na cheti kabatini, na mkono wake, usipopata kazi, hupoteza wepesi.

Na tuutazame huo uchomeleaji kwa karibu, maana ndipo panapoonekana umbali uliopo baina ya ufundi wa mtaani na ule unaotakiwa na kiwanda. Fundi wa mageti na madirisha, ambaye mtaani anasifiwa kwa haki, huweka chuma chake mezani au chini, akachomelea akiwa ameinama, akasaga kovu kwa gurudumu, akapaka rangi, na mteja akaridhika. Bomba la gesi halina ruhusa hiyo. Mtihani wake ni vipande viwili vya bomba vilivyofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, visivyogeuzwa, ili fundi alazimike kuchomelea juu, ubavuni na chini, wakati mwingine akilala chali na cheche zikimdondokea. Kisha kiungo hupigwa picha ya eksirei, na tundu dogo ambalo jicho haliwezi kuliona linatosha kuiangusha kazi nzima. Baadhi ya vijiti vyake vya kuchomelea huhifadhiwa katika tanuri dogo visinyonye unyevu, jambo ambalo katika pwani yenye hewa ya chumvi si la kupuuzwa. Fauka ya mkono mzuri, anatakiwa asome mchoro, aandike alichokifanya, na akubali kusimamisha kazi anapoona hatari hata kama msimamizi ana haraka. Fundi wetu wa mageti hakosi kipaji. Amekosa miezi kadhaa ya mazoezi kwenye bomba lenyewe na mtu wa kumkagua. Mwajiri anayesema Kusini hakuna mafundi angesema kweli zaidi lau angetaja hicho kilichopungua.

Hapa ndipo ninapoona kasoro katika jinsi tunavyotafuta habari. Mwajiri akipelekewa karatasi ya maswali ofisini na kuulizwa anataka wafanyakazi wa namna gani, atajibu kwa maneno ya jumla: nidhamu, uzoefu, Kiingereza, kompyuta. Majibu hayo hayana uongo, wala hayamsaidii mwalimu wa karakana hata kidogo. Lakini akiulizwa ni mashine gani iliyosimama mwezi uliopita, ilisimama kwa siku ngapi, nani aliitwa kuifufua, alitoka wapi na alilipwa nini, hapo mwajiri hukumbuka, hukunjua uso, na mara nyingi humwita msimamizi wa zamu aje aeleze mwenyewe. Na huyo msimamizi, ambaye hakuna aliyemwuliza jambo tangu aajiriwe, ndiye mwenye elimu tunayoitafuta. Maswali hayo yasiishie kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote na bandarini, bali yafike kwenye gereji za Mikindani, ghala za vyama vya msingi vya ushirika, na mashine za kukamua ufuta, kwa sababu wengi wa waajiri wa Kusini wana wafanyakazi wachache wa kuhesabika. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara, fundi wa breki za upepo na umeme wa malori hakosi kazi, ingawa wakati ule tulipokuwa tukiota gesi hakuna aliyemtaja.

Lakini mfano ulio aula ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na katika miaka hiyo hiyo vikajengwa kwa mikopo viwanda vyenye mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Mavuno yakaporomoka hata yasifike tani 20,000 msimu wa 1986/87, na viwanda vingi vikafungwa milango. Mavuno yamekwisha kurudi, hata yakazidi tani 300,000 msimu wa 2017/18, bali sehemu kubwa ya korosho bado huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, pamoja na kazi zake. Ubanguaji ni kazi ya mkono mwerevu. Korosho ikisha kupikwa kwa mvuke na kupoa, mama mbanguaji huiweka kwenye kisu cha mashine, anavuta kwa mkono na kukanyaga kwa mguu, ganda linapasuka, naye anaidokoa kokwa isivunjike, huku mafuta ya ganda, yanayounguza ngozi, yakimlazimu kuvaa glovu au kujipaka mafuta ya kula. Kokwa nzima ya daraja la W320, ambayo 300 hadi 320 zake huenea katika ratili moja, bei yake huizidi mbali ile ya vipande. Kwa hiyo faida ya kiwanda kizima imo katika vidole vya kina mama ambao aghalabu hulipwa kwa kilo, kama vibarua wa msimu, na ustadi wao hauandikwi popote.

Waajiri nao wana wajibu. Wale wakubwa hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyopunguzwa mwaka 2023 kuwa asilimia 3.5 ya mishahara, na hulalamika, kwa haki, kwamba ni theluthi tu inayofika VETA. Lakini wapo wanaomweka kijana miaka mitano akiwa saidia fundi, wakamtumia katika kila kazi ya ufundi, kisha wakatafuta fundi wa nje kwa kuwa huyu hana cheti. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini upo VETA, nao hauhitaji mtu arudi darasani miaka mitatu; unahitaji mwajiri ampe mfanyakazi wake ruhusa ya siku chache na amlipie ada.

Serikali imekusudia korosho yote ibanguliwe nchini ifikapo mwaka 2030, na kongani ya viwanda inaandaliwa Maranje, wilayani Mtwara. Boila za mvuke zitahitaji watu wa kuziwasha na kuzikagua, visu vitahitaji wanoaji, maabara zitahitaji wapimaji wa unyevu na sumu ya ukungu, na wanunuzi wa ng'ambo watadai daftari za usafi zilizoandikwa kila siku. Meli huleta mtambo kwa majuma machache, na fundi wa boila hafundiki kwa muda huo. Halmashauri, VETA na wenye viwanda waketi mwaka huu, kabla ya mashine kuagizwa, waandike ni watu wangapi wa kila kazi watakaotakiwa. Na kina mama wanaobangua hivi sasa waitwe kwanza katika kikao hicho, waulizwe kokwa huvunjika kwa sababu gani.