Sukari, Umbali na Mpaka

Ndugu wasikilizaji, askari wa majeshi ya ulinzi na wa Jeshi la Polisi,

Kashikishi ni mji mdogo wa wavuvi katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa nchi jirani ya Zambia. Umejengwa ufukoni mwa Ziwa Mweru, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Mitumbwi hufika hapo na samaki, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wale dagaa ambao wenyeji huwaita chisense. Mitumbwi hiyo hiyo hurudi visiwani na ng'ambo ikiwa imepakia unga, sabuni, chumvi na sukari. Mpita njia ataona biashara ndogo ya kila siku. Hata hivyo, mfuko mmoja wa sukari uliomo ndani ya mtumbwi huo unafungamana na kiwanda kikubwa, na masoko ya dunia, na hali ya amani mipakani. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaeleza kwa nini bei ya sukari huwa vile ilivyo, kwa nini sukari huvuka mpaka, na jambo hilo linamhusu nini askari.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza utamu wake, na usipofika kinuni katika muda wa siku moja au mbili hasara huwa kubwa. Kwa sababu hiyo kiwanda hakina budi kujengwa kando ya shamba, na mkulima aliye jirani yake hana mnunuzi mwingine wa kumkimbilia. Aidha, huhitajika tani 8 hadi 10 za miwa ili kupata tani 1 ya sukari. Makapi ya miwa huchomwa yakatoa mvuke na umeme wa kuendeshea mitambo. Molasi inayobaki hutengenezewa spiriti na chakula cha mifugo. Kiwanda kinachotumia mazao hayo yote huzalisha kwa gharama nafuu. Kile kinachotegemea sukari peke yake huyumba kila bei inaposhuka. Kwa kuwa mitambo ni ya fedha nyingi, nayo hugharimu hata inaposimama, viwanda vikubwa hushinda vidogo, na nchi nyingi hujikuta na viwanda vichache tu vyenye nguvu kubwa sokoni.

Zambia ni mfano ulio wazi. Katika miaka ya 1960 lilianzishwa shamba la Nakambala huko Mazabuka, kusini mwa nchi, likimwagiliwa kwa maji ya Mto Kafue, na sukari yake ya kwanza ilitoka mwaka 1968. Kampuni hiyo, baada ya kuwa mikononi mwa dola, ilibinafsishwa mwaka 1995 kwa Tate & Lyle ya Uingereza. Mwaka 2001 ilichukuliwa na Illovo ya Afrika Kusini, ambayo nayo tangu mwaka 2016 inamilikiwa yote na Associated British Foods. Illovo hiyo hiyo ndiyo mbia wa serikali yetu katika kiwanda cha Kilombero. Wazalishaji wengine wa Zambia, kama vile Kafue Sugar na lile shamba la Kalungwishi la upande wa kaskazini, ni wadogo mno wakilinganishwa na Nakambala.

Sasa tupime umbali. Kutoka Mazabuka hadi Kashikishi, kwa njia ya Lusaka, Serenje na Mansa, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mfuko wa sukari hulipa dizeli, matairi, mishahara ya madereva na faida ya kila mkono unaoupokea. Hapo kuna jambo ambalo wakazi wa mwambao wa Mweru wanalifahamu vizuri. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kisheria ili samaki wazaliane. Miezi hiyo hiyo ni ya masika yao: barabara huharibika, na kiwanda cha Nakambala, ambacho husaga miwa katika miezi ya kiangazi, huwa kimezimwa kwa matengenezo. Basi bidhaa hutoka ghalani tu, usafiri huwa mgumu, na mvuvi hana fedha mfukoni. Asiyejua mpangilio huu wa majira atadhani kila kupanda kwa bei ni hila ya mwenye duka. Hila zipo, lakini kalenda nayo ina sehemu yake.

Tuje kwenye soko la dunia. Sukari ni bidhaa yenye bei ya kigeugeu. Mwezi Novemba mwaka 1974 ratili moja ya sukari ghafi ilipita senti 60 za Marekani; mwaka 1985 ilianguka chini ya senti 3. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilipanda hadi kupita senti 27, baada ya India kubana mauzo yake ya nje, kisha mwaka 2025 ikashuka tena. Brazili, muuzaji mkubwa kuliko wote, hupima kila msimu kama miwa yake iwe sukari au iwe spiriti ya kuendeshea magari, na uamuzi wa wenye viwanda wake huonekana katika bei za kila bara. Ndiyo maana karibu kila serikali hulinda viwanda vyake kwa ushuru na vibali. Zambia ina kinga moja ya pekee: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria yake inataka sukari ya matumizi ya nyumbani iongezwe vitamini A, kwa ajili ya afya ya watoto. Shabaha ni njema, lakini matokeo yake mengine ni kwamba sukari ya nje haiingii kwa urahisi, na Wazambia wengi wamehoji kwa nini nchi inayozalisha kwa gharama ndogo isiuze kwa bei ndogo nyumbani.

Mabadiliko ya Ulaya nayo yamegeuza mwelekeo. Tangu mwaka 2009 nchi maskini kabisa, Zambia ikiwamo, ziliruhusiwa kuuza sukari Ulaya bila ushuru wala kikomo. Lakini mwaka 2017 Ulaya iliondoa vizuizi vya uzalishaji kwa wakulima wake, bei ikaporomoka, na faida ya kusafirisha sukari hadi huko ikapungua sana. Viwanda vya kusini mwa Afrika vikageukia majirani: Kongo, Kenya na nchi za Maziwa Makuu. Huko ndiko mahitaji yanakokua, na huko ndiko kwenye upungufu.

Kwa nini Kongo ina upungufu, hali ina ardhi na mito? Jibu moja ni vita. Kiwanda cha Kiliba, karibu na Uvira, kiliacha kazi mwaka 1996 vita vilipozuka, na mashamba yakamezwa na nyasi. Sisi wenyewe tuna ushahidi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, kiwanda cha sukari kiliporwa na kuharibiwa. Nchini Uganda kwenyewe, baada ya wenye viwanda vya Kakira na Lugazi kufukuzwa mwaka 1972, uzalishaji uliteremka mwaka hadi mwaka hata ukakaribia kwisha. Muwa hupandwa leo ukavunwa kwa miaka kadhaa, na mtambo hulipwa kwa miaka mingi zaidi. Hakuna awekaye mali namna hiyo mahali pasipo na usalama. Wilaya ya Nchelenge yenyewe ilipokea wakimbizi wa Kongo mwaka 2017, na makazi ya Mantapala yakafunguliwa mwaka 2018. Mvuto wa bidhaa kuelekea ng'ambo ni sehemu ya gharama ya vita hivyo.

Hapa ndipo kazi ya askari inapoingia. Pale bei ya ng'ambo inapozidi ya hapa, sukari itatafuta njia, iwe kwa mtumbwi Mweru au kwa baiskeli Tunduma. Askari anayelinda mpaka hana budi kutofautisha watu wawili. Yuko mama aliyenunua mifuko michache kwa fedha ya samaki wake, na yuko mlanguzi anayeficha malori ghalani akingoja uhaba. Kumsumbua wa kwanza na kupokea kitu kidogo kwa wa pili ni kuligeuza gwaride kinyume. Tukumbuke pia mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi wengi walifichuliwa, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini bidhaa nyingi ziliadimika madukani, kwa sababu msako hauzalishi hata kilo moja. Nafuu ilianza kuonekana pale masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984.

Fundisho hilo limerudi karibuni. Mvua za El Nino zilipozuia uvunaji wa miwa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, bei ilipaa nchini kote. Serikali ilitangaza bei kikomo, lakini dawa yenyewe ilikuwa sukari iliyoagizwa kutoka nje, na baadaye mwaka huo sheria ikampa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mamlaka ya kuagiza sukari ya kuziba pengo. Wakati huo huo uzalishaji umeongezwa: mwezi Agosti mwaka 2024 kilizinduliwa kiwanda cha Mkulazi, Morogoro, chenye uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka, ambamo Jeshi la Magereza ni mbia.

Ndugu wasikilizaji, mahitaji ya sukari katika eneo letu yataendelea kukua, na watakaonufaika ni wale wenye maji, barabara, mitambo iliyotunzwa na amani. Mafundi na wakulima watashughulikia hayo matatu ya mwanzo. Hilo la nne ni lenu. Siku Kongo itakapojitosheleza kwa sukari, mtumbwi wa Kashikishi utapunguza safari zake za sukari, na askari wa mpakani atakuwa na usiku mwepesi zaidi.