Mtaa wa Wakuba na Nyumba Zake Mbili

Katika mji wa Tampa, jimbo la Florida, Marekani, upo mtaa uitwao Ybor City. Vicente Martínez Ybor, tajiri wa tumbaku, alihamishia kiwanda chake huko mwaka 1886, na wasokotaji wa sigara kutoka Cuba wakamfuata kwa maelfu.

Mgeni afikaye asubuhi hulakiwa na harufu ya mkate. Mwokaji hulaza ukuti juu ya donge refu kabla ya kulitia tanuruni, ili mkate upasuke mgongoni. Kisha hujazwa nyama ya nguruwe, jibini, haradali na matango ya siki. Ndugu zetu Waislamu watatosheka na kahawa ya maziwa, nayo si haba. Muziki uanzapo, sikio la Mwafrika halihitaji mkalimani, kwa maana ngoma zile zina asili ya Kongo, zilikopelekwa na watumwa. Santuri za Cuba zilipouzwa Kongo tangu miaka ya 1930, wenyeji waliutambua mwendo wao, na humo ikatoka rumba tuliyoicheza sote.

Lakini mgeni asiishie mezani. Katika viwanda vile wafanyakazi walikuwa na msomaji, aliyeketi juu ya jukwaa huku wao wakisokota. Asubuhi aliwasomea magazeti, baadaye riwaya walizochagua wenyewe. Hakulipwa na tajiri. Alilipwa kutoka katika ujira wao. Watu wasiojua kusoma waliweza hivyo kubishana juu ya mambo ya dunia. (Sisi wa magazeti tungetamani wasikilizaji wa namna hiyo!) José Martí alipofika mwaka 1891 kutafuta msaada wa ukombozi wa Cuba, hao ndio waliotoa fedha. Naye mwaka uliofuata, baada ya kunusurika sumu, alitunzwa nyumbani kwa mama mmoja Mwafrika wa Cuba, Paulina Pedroso. Kiwanja cha nyumba hiyo leo ni bustani yenye jina la Martí.

Mwaka 1931 wenye viwanda waliwaondoa wasomaji, wakidai kuwa walieneza siasa. Wafanyakazi waligoma, lakini msomaji hakurudi. Mahali pake pakawekwa redio.

Jambo jingine lilikuwa limekwisha kuwajeruhi Wakuba wenyewe. Mwaka 1899 weusi na weupe, waliokuwa wamepigania uhuru pamoja, waliunda chama kimoja. Haukupita muda, ubaguzi wa Florida uliingia humo pia, nao weusi wakatengwa. Mwaka 1904 vyama vyao viliungana kuwa La Unión Martí-Maceo, cha kusaidiana katika maradhi na mazishi. Weupe walijenga jumba lao la fahari, Círculo Cubano, ambalo lingali limesimama. Nyumba ya weusi ilibomolewa mwaka 1965, katika mpango ulioitwa wa kuustawisha mji.

Chama hakikufa. Kilipata nyumba nyingine katika Barabara ya 7, na jina lake lingali lilelile: Martí, mtoto wa Wahispania, na Maceo, jemadari mwenye damu ya Afrika.