Gari la zamani linamisi? Usikimbilie kununua plagi

Dereva ametoka Mlandizi anaelekea Chalinze, daraja la Ruvu limeshabaki nyuma, mbele yake kuna lori lenye trela. Anatoka kulipita, anakanyaga mafuta, gari linashtuka-shtuka na kugoma kuvuta. Upande wa pili basi linakuja.

Hapo ndipo misi inapoacha kuwa kelele ya injini tu.

Kwa lugha nyepesi, gari linamisi pale silinda moja au zaidi inaposhindwa kuchoma mafuta yake vizuri. Kwenye injini ya silinda nne, kama ya Toyota IST au Corolla, silinda moja ikilala, robo ya kazi imepotea. Ndiyo maana gari linatetemeka likiwa silensa, linakula mafuta na mlio wa eksozi unakatika-katika.

Kinachofuata mara nyingi ni kubahatisha. Plagi mpya, bado. Koili, bado. Pampu, bado. Hela imeisha, misi iko palepale.

Silinda inahitaji vitu vitatu tu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, na mgandamizo wa kutosha. Kazi ya fundi ni kujua kipi kimekosekana, na kwenye silinda ipi.

Swali la kwanza halihitaji spana: linamisi wakati gani?

Kama ni kwenye mlima tu, mfano kupanda Pugu kwenda Kisarawe, na kwenye tambarare liko poa, washukiwa ni cheche dhaifu au mafuta yasiyofika ya kutosha. Injini ikibeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka na cheche hupata kazi kuruka. Plagi iliyochoka inajificha kwenye tambarare, mlimani inaumbuka. Filta ya mafuta iliyoziba nayo iko hivyohivyo.

Kama ni likiwa silensa tu, na ukikanyaga mafuta linatulia, kagua kwanza mipira ya hewa. Mpira uliopasuka unaingiza hewa ambayo injini haikuipigia hesabu.

Kama ni wakati wa masika au asubuhi yenye unyevu, angalia waya za plagi na distribyuta, hasa kwenye Corolla za miaka ya 1990. Kuna kipimo cha bure: usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inawaka, utazame bila kugusa. Ukiona vicheche vya bluu vikiruka pembeni ya waya, umeme unavujia hapo badala ya kufika kwenye plagi.

Na kama lilianza dakika chache baada ya kujaza mafuta? Fikiria mafuta yenyewe. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa lilikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Maji kwenye tenki nayo huleta dalili hizohizo.

Kwa magari yanayosoma kwenye mashine, kodi P0301 inamaanisha misi iko silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni misi inayoruka-ruka. Corolla nyingi za miaka ya 1990 hazitoi kodi za aina hii. Na hata pale inapotoka, kodi inataja silinda, haitaji kifaa kibovu. Hapa ndipo wengi wanauziwa koili wasiyoihitaji.

Dawa yake ni kuhamisha. Mashine ikisema P0302, chukua koili ya silinda ya pili uweke ya tatu, ufute kodi, uendeshe. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, fanya hivyohivyo kwa plagi. Ikigoma tena kuhama, tatizo ni nozeli au mgandamizo. Zoezi lote halijagharimu hata plagi moja.

Plagi ukishaichomoa, isome. Nyeusi ya masizi: petroli ni nyingi kuliko hewa. Imelowa petroli: cheche haikuwepo. Ina oili kwenye ncha: ringi au sili za vavu zimechoka. Ila oili ikiwa juu, kwenye shimo inamokaa plagi, mara nyingi ni gasketi ya kava ya tapeti tu, kazi ndogo. Maji ya rejeta yakipungua na moshi mweupe ukatoka injini ikiwa ya moto, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi, na hiyo haisubiri mwisho wa mwezi.

Bado kuna mafundi wanaochomoa waya wa plagi injini ikiwa inawaka ili kusikiliza silinda ipi imelala. Umeme wa pale ni maelfu ya volti, na koili nayo inaweza kufa. Bora kuchomoa soketi ya nozeli, moja baada ya nyingine: ya silinda nzima injini itayumba, ya silinda mbovu haitabadilika chochote.

Taa ya cheki injini ikipepesa badala ya kuwaka mfululizo, punguza mwendo na usilivutishe gari. Petroli isiyochomwa inaenda kuungulia kwenye masega ya eksozi, ambayo hupata moto hadi kuyeyuka na kuziba. Wapo wanaoamua kuyatoa kabisa. Gari litapumua, lakini misi itabaki.